Umestaafu kazi, usiustaafishe mwili wako



Safu yetu ya leo inawahusu wale waliomaliza kazi ya kuajiriwa, pamoja na wake, waume na watoto wanaoishi nao nyumba moja. Tumewakusudia zaidi ndugu zetu wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ingawa anayesoma akiwa Tanga au Kigoma naye atapata la kuchukua.

Mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifikisha miaka 60. Wengine huondoka mapema zaidi. Mgodi wa dhahabu wa North Mara, kule Nyamongo, ulianza uzalishaji mwaka 2002. Kijana aliyeingia kazi ya mgodi miaka ile leo ni mtu mzima, pengine ana wajukuu, na huenda mkataba wake ulishakwisha. Wapo pia waliolinda wanyama hifadhini, waliopika katika hoteli za watalii, waliofundisha shule za Mugumu, na waliofanya kazi mpakani Sirari. Kila mmoja siku yake hufika.

Wiki ya kwanza huwa tamu. Unalala, unapumzika, unatembelewa. Mwezi wa pili mambo hubadilika. Wewe uliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka 30 kuwahi gari la kazini, sasa unasali Alfajiri na kurudi kitandani hadi saa nne. Ukiamka unashika simu. Kundi la WhatsApp la kazini bado lipo, wanazungumza mambo yao, nawe huulizwi kitu. Unahamia Facebook, unatazama video, unabishana siasa na watu usiowajua, mpaka siku unachoka na kujitoa kote. Kujitoa ni vizuri, lakini hapo ndipo unapobaki mikono mitupu. Kazi hakuna, mtandao hakuna, na hujui saa tano asubuhi mtu mzima hufanya nini. Pengo hilo lisipojazwa kwa jambo la heri, hujazwa na maradhi.

Yanayotokea mwilini

Wataalamu wa afya wanatueleza kuwa mtu anayekaa kitako muda mrefu kila siku hujiweka karibu na shinikizo la damu, kisukari, unene na maradhi ya moyo. Misuli ya mapaja hunyong'onyea, na mzee ambaye mapaja yake hayana nguvu huanguka kwa urahisi. Usingizi nao huvurugika, kwani aliyelala mchana kutwa na kukodolea simu usiku hawezi kulala vyema. Aidha, upweke huleta huzuni, na huzuni humfanya mtu asile vizuri au asahau dawa zake.

Hatari zaidi ni kwamba shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hujiona mzima hadi siku anapopooza upande mmoja. Hivyo basi, ukistaafu, jambo la kwanza ni kwenda zahanati au kituo cha afya ukapimwe shinikizo la damu na sukari. Vipimo vikirudiwa na shinikizo likabaki 140 kwa 90 au zaidi, hilo linahitaji matibabu. Chumvi nayo ipunguzwe, isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya mboga, mkate na supu.

Ratiba tayari unayo

Watu wengi hudhani ratiba ya siku waliachiwa na mwajiri, na mwajiri akiondoka ratiba imekwisha. Muislamu hana udhuru huo. Swala tano zimeigawa siku yake tangu alipobaleghe, na hazina kustaafu. Tena sisi wa Mara tuko karibu na ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, hivyo adhana hazisogei sana. Mwili hupenda mpangilio wa namna hiyo.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake, nazo ni afya na wakati wa nafasi. Mstaafu amepewa nafasi. Akiiacha ipotee, afya nayo huifuata.

Basi ipange siku yako hivi. Baada ya Alfajiri usirudi kulala hadi jua kali. Soma Qur'an, kisha jua likichomoza toka utembee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani dakika 30 kwa siku 5. Vilima vya Tarime vitakutoa jasho bila kulipia mazoezi. Kama msikiti uko mbali kidogo na afya inaruhusu, nenda kwa miguu, kwani hatua zake zina thawabu pia. Wanaoishi vijiji vinavyopakana na hifadhi, kama Robanda, wasitembee gizani wala peke yao, kwa sababu ya tembo na nyati. Na mbwa akikuuma njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kati ya asubuhi na Adhuhuri fanya kazi ya mikono. Baada ya Alasiri tembelea jamaa, kagua wagonjwa, au fundisha wajukuu juzuu Amma. Mchana unaweza kulala kidogo, usizidishe nusu saa. Baada ya Isha lala. Kuna mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa hakupenda mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha, na madaktari nao wanasema mwanga wa simu usiku huchelewesha usingizi.

Kazi za kupendeza na usafi wake

1. Bustani. Mchicha, mnavu, mgagani na majani ya kunde hukua vizuri, na penye migomba au kahawa, kupogolea na kuweka mbolea kunatosha kumshughulisha mtu asubuhi nzima. Upande wa Serengeti, ambako mvua ni haba kuliko milima ya Tarime, tumia maji yaliyooshea mboga kumwagilia. Anachokula mtu, ndege au mnyama katika ulichopanda ni sadaka kwako. Usilime mboga mahali palipooshewa dhahabu kwa zebaki, kwani zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Vaa viatu vya mpira, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

2. Kuku, mbuzi na ng'ombe. Banda liwe mbali na jiko, na kuku wasilale chumba kimoja na watu. Maziwa yachemshwe hadi yafure, hata kama wazee wetu waliyanywa mabichi. Ugonjwa wa brusela hupitia humo, nao huleta homa zisizokwisha na maumivu ya viungo ambayo wengi huyadhania malaria.

3. Nyuki. Mizinga iwekwe mbali na nyumba, njia na mifugo, na mtu avae mavazi ya kujikinga. Aliyewahi kuvimba uso au kubanwa pumzi kwa kuumwa na nyuki asiifanye kazi hii.

4. Kwa akina mama waliostaafu ualimu au uuguzi, kuna kushona, kusuka, na kuwakusanya mabinti kuwafundisha twahara na usafi wa mwili. Elimu uliyoitumia kazini miaka yote bado inahitajika mtaani.

Mwenye kisukari azingatie jambo moja jepesi. Mara tano kwa siku unaosha miguu kwa ajili ya udhu. Itumie nafasi hiyo kukagua nyayo na katikati ya vidole, uone kama kuna mchubuko au lengelenge, kisha kausha kwa taulo safi. Kidonda kidogo kilichoonekana mapema hutibika, lakini kikichelewa huweza kuondoka na mguu.

Waliotoka migodini

Hawa wana neno lao la peke yake. Vumbi la mwamba lina madini ya silika, ambayo hukaa mapafuni na kuyajeruhi. Madhara yake huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na humfanya apate kifua kikuu kwa urahisi. Kwa hiyo ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukatoka jasho usiku au ukakonda, usinunue dawa ya kikohozi dukani. Nenda ukapime makohozi, na umweleze daktari kuwa ulifanya kazi mgodini na kwa miaka mingapi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hapa nchini hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Na simu je?

Hatusemi uitupe. Simu inaunga udugu, na kumpigia dada aliyeko mbali ni ibada. Kinachotakiwa ni kuipangia saa zake, kwa mfano nusu saa baada ya Adhuhuri, na usiku ilale sebuleni. Jihadhari na jumbe zinazosambazwa kuwa majani fulani huponya kisukari au shinikizo ndani ya siku saba. Anayeacha vidonge vyake kwa ujumbe wa namna hiyo anahatarisha uhai wake. Hata Asali, ambayo Qur'an imetaja kuwa ina ponyo, ni sukari kwa mwenye kisukari, naye hana budi kumuuliza daktari kwanza. Jihadhari pia na matapeli wanaopiga simu wakiyanusa mafao yako.

Neno kwa familia

Enyi watoto, msimkalishe baba kwenye kiti kwa kisa cha heshima. Mwombeni ushauri, mpeni mche apande, mwacheni ampeleke mjukuu madrasa. Nawe mama wa nyumba, mumeo aliyekuwa akitoka alfajiri sasa yupo nyumbani kutwa, na huenda anakuingilia hata jikoni. Mvumilie, mgawie kazi yake. Nawe baba, jikoni si ofisini, usianze kutoa amri.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Ikiwa saa ile haikumstaafisha mtu, barua ya mwajiri itamstaafisha vipi? Kesho baada ya Alfajiri, anza na mche mmoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atupe siha njema na mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.