Tai Mwenye Kishungi: Utambuzi Wake na Makazi Yake katika Misitu ya Maziwa Makuu

Katika taarifa za misitu ya ukanda wa Maziwa Makuu, neno “tai” hubebeshwa mzigo unaozidi uwezo wake. Tai ni mla mizoga wa mbugani, tai ni avuaye samaki ziwani, na tai ni yule akamataye kima juu ya miti. Msomaji anayekuta sentensi “tai wameonekana” hawezi kujua kama aliyeonekana ni ndege wa nyika aliyekuwa akipita tu, au mkazi wa msitu ambaye maisha yake yote yamefungwa na miti mirefu. Makala haya yanamhusu huyo wa pili, yaani tai mwenye kishungi, ajulikanaye kisayansi kwa jina la Stephanoaetus coronatus.

Ndege huyu ana urefu wa sentimita 80 hadi 99, na uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 3 na 4, jike akimzidi dume. Mabawa yake ni mafupi na mapana, na mkia ni mrefu wenye mistari; umbo hilo humwezesha kupenya kati ya matawi na kugeuka ghafla. Mgongo ni wa kijivu iliyokolea, kifua na tumbo vina mabaka na mistari ya nyeusi, nyeupe na hudhurungi, na anaporuka huonekana rangi ya hudhurungi-nyekundu kwenye sehemu ya mbele ya upande wa chini wa bawa. Anayechanganywa naye zaidi ni tai mkubwa wa nyika, Polemaetus bellicosus. Huyu wa nyika ana mabawa marefu na mkia mfupi. Kichwa na kifua chake ni vyeusi-nyeusi, na tumbo ni jeupe lenye madoa madogo.

Ugumu halisi uko kwa makinda yaliyokwisha kuruka. Wa msituni na wa nyikani wote huwa weupe kichwani na tumboni, na hapo hata mtazamaji mzoefu huweza kupotea. Inafaa kutazama miguu: kinda wa tai mwenye kishungi ana madoa meusi mapajani na miguuni, ilhali mwenzake wa nyika ana miguu myeupe isiyo na doa.

Hata hivyo, kumwona ni bahati. Ndege huyu huvizia akiwa ametulia ndani ya majani, na mtafiti huweza kupita chini yake asimtambue. Kwa hiyo kuwapo kwake huthibitishwa zaidi kwa masikio na kwa kutazama chini. Dume huruka juu sana ya msitu akipanda na kushuka kama mawimbi, huku akitoa miluzi mfululizo inayosikika mbali. Kima nao wana milio mahususi ya kutahadharishana juu ya adui atokaye angani. Lakini ushahidi usiobishaniwa kwa urahisi ni mifupa iliyo chini ya kiota. Katika msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, watafiti waliokusanya mabaki hayo walikuta kwamba sehemu kubwa kabisa ya mawindo ni jamii ya kima, wakiwemo kima mkia-mwekundu na mbega wekundu. Kusini mwa Afrika, kinyume chake, pimbi na paa wadogo huchukua nafasi kubwa. Alama ambazo makucha na mdomo huacha kwenye mafuvu ni dhahiri kiasi kwamba mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walizitumia kupendekeza kuwa mtoto wa Taung, aliyegunduliwa Afrika Kusini mwaka 1924, aliuawa na ndege wa aina hii.

Kuhusu makazi, ramani huweza kupotosha. Ndege huyu hupatikana katika misitu minene kama Kibale na Nyungwe, lakini pia kando ya mito yenye miti mirefu, na huko KwaZulu-Natal hujenga viota hata katika mikaratusi iliyopandwa karibu na makazi ya watu. Anachohitaji ni mawindo ya kutosha na mti mkubwa wenye panda imara, kwa kuwa kiota chake hutumiwa na kuongezwa vijiti mwaka hata mwaka. Msitu uliogawanywa na mpaka wa nchi, kama Nyungwe ya Rwanda na Kibira ya Burundi, kwake ni msitu mmoja.

Uzazi wake ni wa polepole. Hutaga yai moja au mawili, lakini hulea kinda mmoja tu, na kinda huyo huendelea kulishwa kwa miezi mingi baada ya kuruka. Ndiyo maana jozi nyingi huzaa mara moja kila miaka miwili. Tangu mwaka 2012 spishi hii imewekwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN miongoni mwa zile zinazokaribia kuwa hatarini. Kibali cha uvunaji kinachotazama kipenyo cha shina pekee huhesabu mti wa kiota kuwa umekwisha kukomaa kwa msumeno. Mkaguzi anayeweka alama kwenye miti ya kuvunwa angeweza, kwa kazi ya dakika chache, kutazama panda za juu na mifupa iliyo shinani, kisha kuandika jina kamili la ndege badala ya “tai”.