Bonaire: Bahari Inayoingiwa kwa Miguu

Bonaire ni kisiwa cha kilomita za mraba 288 kilichoko kusini mwa Bahari ya Karibi, kiasi cha kilomita 80 kutoka pwani ya Venezuela. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, na lugha ya wenyeji ni Kipapiamentu. Umbo lake ni kama mundu uliogeuza tumbo magharibi, na katikati ya tumbo hilo, mkabala na mji mkuu wa Kralendijk, kuna kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu kiitwacho Klein Bonaire. Umbo hilo na upepo ndivyo vinavyoamua nani acheze nini baharini, na wapi.

Upepo wenyewe ni mmoja. Pwani ya Afrika Mashariki huishi kwa pepo mbili zinazopokezana, kaskazi na kusi, lakini Bonaire hupata pepo za biashara zinazovuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Hupungua nguvu kati ya Septemba na Novemba, kisha hurudi palepale. Kwa hiyo kisiwa kina upande wa joshini, unaopigwa na upepo na mawimbi bila kupumzika, na upande wa demani, uliokingwa, ambako maji hutulia hata upepo ukiwa mkali. Tofauti nyingine itamshangaza aliyezoea bamvua la Pemba au Mombasa, ambako maji yanaweza kupanda na kushuka karibu mita nne: Bonaire hujaa na kupwa kwa kiasi cha sentimita 30 tu. Mtu haangalii mwandamo wa mwezi kabla ya kuingia majini, wala ngazi ya mbao iliyofika kwenye maji asubuhi haiachwi juu mchangani alasiri.

Katika upande wa demani ndiko kuliko na mchezo uliokipa kisiwa jina, kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Sehemu nyingi za Karibi humtaka mzamiaji apande boti, aende na kundi na afuate saa za nahodha. Bonaire miamba ya matumbawe imeota karibu na nchi kavu kiasi kwamba mtu hukodi gari la wazi, hupakia mitungi nyuma, na kusimama anapotaka. Kando ya barabara kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano na kuandikwa majina. Kila jiwe ni mlango wa kuingilia baharini. Vituo vilivyotajwa rasmi vinazidi 80, ukihesabu na vile vya Klein Bonaire visivyofikika bila boti, na zaidi ya nusu huingiwa kwa miguu kutoka ufukweni.

Kuingia kwenyewe kuna ufundi wake. Ufukwe mwingi si mchanga. Ni vipande vya matumbawe yaliyokufa, vinavyoteleza na kukata, kwa hiyo viatu vya soli ngumu ni vya lazima. Mzamiaji huvaa vifaa vyote isipokuwa mapezi ya miguuni, hutembea ubavu ubavu akiburura nyayo hadi maji yamfike kifuani, hapo ndipo huyavaa mapezi akiwa anaelea. Akiyavaa nchi kavu ataanguka, na kuanguka na mzigo wa kilo 20 mgongoni juu ya mawe yale si jambo dogo. Kituo kimoja cha kaskazini kinaitwa 1000 Steps, yaani ngazi elfu. Ngazi zenyewe hazifiki hata mia, zinakaribia 70, ila anayezipanda baada ya mbizi, amelowa na mtungi ukimlemea, huelewa jina lilikotoka.

Chini ya maji mandhari hufuata mpangilio uleule karibu kila mahali. Kwanza kuna uwanda wa mchanga wenye matumbawe laini yanayopepea kama majani ya mnazi, upana wa mita 50 hadi 100. Ukifika kina cha mita 10 hivi, sakafu huinama ghafla na kuwa mteremko unaoshuka hadi mita 30 na zaidi. Kwenye mteremko huo ndiko kuna matumbawe yaliyokunjamana kama ubongo, sifongo zenye umbo la pipa, mikunga ndani ya mapango, chewa, na pono wanaotafuna mwamba kwa meno yao na kuutoa tena ukiwa mchanga. Sauti ya pono wakitafuna husikika wazi majini, kama mtu anayevunja karanga.

Kina kina hesabu yake, na anayetaka mchezo huu aielewe kabla ya kulipia mafunzo. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika angeutumia saa mbili juu ya maji. Kwenye mita 10 hewa hugandamizwa mara mbili, hivyo mtungi huo huwa wa saa moja. Kwenye mita 20 ni dakika 40. Kwenye mita 30 ni dakika 30. Tena hakuna mzamiaji mwenye busara anayeumaliza: robo ya mtungi ni akiba ya kurudi nayo juu. Katika mgandamizo huo naitrojeni huyeyuka ndani ya damu na nyama. Mzamiaji akipanda haraka, gesi hiyo hutoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo yanaweza kumpooza au kumuua. Ndiyo maana hupandwa polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kusimama dakika tatu kwenye mita 5. Ndiyo maana pia aliyepiga mbizi siku kadhaa mfululizo husubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. La hatari kuliko yote ni kuzuia pumzi wakati wa kupanda, kwa sababu hewa inayotanuka inaweza kupasua mapafu hata kwenye maji ya mita chache. Anayefundishwa vizuri huambiwa hili siku ya kwanza na hurudiwa nalo hadi mwisho.

Kati ya mbizi zote za kisiwa, ya Hilma Hooker ndiyo inayosimuliwa zaidi. Meli hiyo ya mizigo, ndefu mita 72, iliingia Kralendijk mwaka 1984 ikiwa na hitilafu. Maofisa walipoikagua walikuta tani nyingi za bangi nyuma ya ukuta wa uongo. Meli ilishikiliwa huku ikivuja, na tarehe 12 Septemba 1984 ikalala ubavu na kuzama. Leo imelalia ubavu wa kulia kwenye mchanga wa kina cha mita 30, kati ya safu mbili za matumbawe, na ubavu wake wa juu uko kama mita 18. Hii ni mbizi ya mwenye uzoefu, na ndani ya meli haingii mtu asiyesomea mbizi za mabaki.

Upande wa kusini, karibu na mashamba ya chumvi, nguzo za gati la kupakilia chumvi zimefunikwa na sifongo nyekundu na za rangi ya machungwa. Huzamiwa siku ambazo hakuna meli. Mita chache kutoka barabarani pamesimama vibanda vya mawe vilivyojengwa kama mwaka 1850 kwa ajili ya watumwa waliochimba chumvi, vifupi kiasi kwamba mtu mzima huinama ili kuingia. Utumwa ulikomeshwa katika visiwa vya Waholanzi mwaka 1863. Wazamiaji wengi huegesha magari mbele yake, na wengi husimama kimya kidogo kabla ya kushuka majini.

Usiku bahari hubadilika. Samaki wakubwa wa fedha waitwao taponi, wengine warefu kuliko mita moja na nusu, humfuata mzamiaji na kuwinda kwa mwanga wa kurunzi yake: akimmulikia samaki mdogo kwa muda mrefu, amemhukumu. Na katika siku chache zinazofuata mwezi mpevu, giza linapoingia na kabla mwezi haujachomoza, anayezima kurunzi huona nukta za buluu zikipanda majini moja juu ya nyingine, kama shanga zinazotungwa na mkono usioonekana. Ni madume ya vijidudu wa jamii ya kamba, wenye ukubwa wa punje ya ufuta, wakiwaita majike kwa mwanga.

Asiyetaka mtungi hakosi. Kwa miwani, mrija na mapezi tu, uwanda wa mita chache unamtosha. Safari inayopendwa ni ya Klein Bonaire: boti humshusha mgeni ufukweni, naye huachia mkondo mwepesi umbebe kando ya mwamba huku kasa wakila chini yake. Fukwe za kisiwa hicho zina mazalia ya kasa, kwa hiyo viti, miavuli na mashimo ya mchangani vinaweza kuwa kizuizi kwa mama anayepanda kutaga au watoto wanaoteremka.

Joshini mambo ni mengine. Mashariki mwa kisiwa mawimbi hupiga mwamba mtupu, na kuogelea huko ni kujitafutia maafa. Kuna mahali pamoja tu palipotulia: ghuba ya Lac, yenye mwamba unaoyavunja mawimbi mlangoni. Upepo hupita, mawimbi hubaki nje, na maji katika eneo kubwa humfika mtu kiunoni. Hakuna darasa bora la kuteleza kwa ubao wenye tanga. Mwanafunzi akianguka husimama, huuweka ubao ukikingama na upepo, huvuta tanga kwa kamba na kuanza upya. Watoto wa kisiwa walijifunza hapo hadi wengine, kama Kiri Thode, wakawa mabingwa wa dunia. Nyuma ya ghuba kuna mikoko, na kayaki ndiyo chombo chake. Mpiga kasia huingia kwenye vichochoro vya mizizi ambamo samaki wachanga wa miamba hukulia, na anatakiwa asiguse mizizi wala kushuka kukanyaga nyasi za bahari. Upande wa Cai, kwenye mdomo wa ghuba, kumerundikwa makombe ya kome wakubwa waliovuliwa vizazi vilivyopita. Leo kome hao wanalindwa na sheria.

Kuteleza kwa tiara, mchezo ambao wakazi wa Paje, Zanzibar, wanaujua vizuri, hakufanyiki Lac. Hufanyika kusini-magharibi, kwenye ufukwe wa Atlantis, na hapo kuna jambo la kuzingatia: upepo hutoka nchi kavu kwenda bahari kuu. Paje mteleza aliyekatika kamba hurudishwa ufukweni. Atlantis hupelekwa mbali. Kwa hiyo boti ya uokozi ikiwa haipo, tiara haifunguliwi.

Yote haya yamesimama juu ya maamuzi yaliyofanywa mapema. Mmarekani Don Stewart, maarufu kama Captain Don, alifika kwa jahazi mwaka 1962 na kuanza biashara ya mbizi. Alikuwa mmoja wa waliopigania kukomeshwa kwa uwindaji wa samaki kwa mkuki, na sheria ikapita mwaka 1971. Mwaka 1979 bahari yote inayozunguka kisiwa, kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60, ikawa hifadhi. Kutia nanga juu ya matumbawe kukakatazwa na maboya ya kufungia boti yakawekwa. Mwaka 1992 wazamiaji wakaanza kutozwa ada, hifadhi ikapata fedha za kujiendesha, na utaratibu huo ukaigwa kwingineko. Leo mgeni hulipa ada hiyo kwa STINAPA, shirika linalosimamia hifadhi, na mzamiaji hufanya kwanza mbizi ya majaribio ili ionekane kama anaweza kuelea bila kugusa chochote. Glovu haziruhusiwi, kwa sababu mwenye glovu hushika. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni na oktinoksati yamepigwa marufuku tangu 2021.

Sheria hizo hazikuzuia kila pigo. Kisiwa kiko kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, lakini Novemba 1999 kimbunga Lenny kilisafiri kinyume, kutoka magharibi kwenda mashariki, na mawimbi yake yakavunja matumbawe ya demani ambayo hayakuzoea kupigwa. Mwaka 2023 ukaingia ugonjwa unaoyeyusha nyama ya matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014. Tumbawe la ubongo lililokua kwa mamia ya miaka linaweza kubaki mfupa mweupe katika wiki chache. Wazamiaji wanatakiwa kuua vijidudu kwenye vifaa vyao, na kuzuru maeneo mazima kabla ya yaliyougua, kamwe si kinyume chake.

Mgeni mwingine ametoka upande wetu wa dunia. Samaki-simba, mwenye mistari myekundu na miiba ya sumu, ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, na kwenye miamba ya Afrika Mashariki si ajabu kumwona. Alifika Marekani kupitia biashara ya samaki wa mapambo, akaachiwa baharini, na Oktoba 2009 akaonekana Bonaire kwa mara ya kwanza. Huko samaki wadogo hawamjui wala hawamkimbii, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Ndiyo maana kisiwa kilichopiga marufuku mkuki mwaka 1971 kimeurudisha kwa ajili yake peke yake: wazamiaji waliofunzwa hushuka na mkuki mfupi, humchoma, humtia kwenye chombo kigumu kisichopenywa na miiba, na wakifika juu huikata miiba yote kwa mkasi. Nyama inayobaki ni nyeupe na haina sumu, na hupikwa kama samaki mwingine yeyote.