Je, Wajua? Kisiwa cha Likizo Huchaguliwa kwa Upepo na Maji

Je, wajua kuwa familia ya Aston, Birmingham, inayobanwa na ratiba ya shule, hufaidi zaidi ikienda Zanzibar mwezi wa Agosti kuliko wakati wa Pasaka? Likizo ya Pasaka huangukia masika, na mvua zake si za kuchezea. Agosti ni kusi: kukavu, na joto si kali.

Mwenye watoto wanaotaka kuogelea mchana kutwa aende Nungwi au Kendwa, kaskazini mwa Unguja, ambako maji hayakupwi mbali. Paje na Jambiani ni habari nyingine. Huko bahari ikikupwa hurudi nyuma mamia ya mita, ukawaona kina mama wameinama kwenye maji ya kifundoni wakifunga mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi. Mimi napenda sana saa hiyo, ila mtoto aliyekwisha kuvaa nguo za kuogelea hatakuelewa.

Anayetamani kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, asubiri kati ya Oktoba na Februari aende Mafia.

Mpenda historia aende Lamu, mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, ambako punda bado hubeba mizigo vichochoroni. Ukisafiri na mzee mwenye magoti mabovu, omba chumba cha chini. Ngazi za nyumba za kale zimesimama wima.

Na tangu Oktoba 2024, wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kukata bima ya dola 44.