Gado: Riziki ya Mchora Katuni Afrika Mashariki

Godfrey Mwampembwa, ambaye wasomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi kwa jina la kalamu la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, lakini jina la ukoo wake ni la Kinyakyusa, na mtu wa Tukuyu, Kiwira au Masoko anapolisikia hulipokea kama anavyoyapokea majina ya Mwakyusa na Mwaipopo, yaani kama jina la nyumbani. Ni yeye aliyefika mbali kuliko wengi katika kazi ya kuchora katuni katika eneo hili, na kwa sababu hiyo maisha yake yanafaa kuchunguzwa na yeyote anayetaka kujua msanii wa picha hupata wapi riziki yake, kwa kiasi gani riziki hiyo huamua atachora nini, na nani huwa na uwezo wa kuikata.

Wilaya ya Rungwe, ambako maeneo hayo yapo, ina sifa ya zamani ya kuthamini mazungumzo. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, walioishi na kufanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walikuta desturi ambayo vijana wa kiume wa rika moja, tangu wakiwa na umri wa miaka kumi hivi, waliondoka katika makazi ya baba zao na kuanzisha kijiji chao wenyewe, wakala pamoja, wakazungumza pamoja na kunoana kwa maneno bila hofu ambayo mtoto huwa nayo mbele ya mkubwa. Monica Wilson aliieleza desturi hiyo kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 1951. Haingefaa kudai kwamba mtu aliyezaliwa Dar es Salaam miaka mingi baadaye aliirithi kalamu yake kutoka katika vijiji vya rika vya Rungwe, kwa kuwa kipaji hakisafiri pamoja na jina la ukoo. Hata hivyo, msomaji wa Tukuyu anayefahamu jinsi wazee wa kwao wanavyoweza kumsema mtu mkubwa hadharani kwa utani, bila kumtukana, hatauona mtindo wa Gado kuwa mgeni sana.

Ili kuelewa hali ya mchoraji wa Afrika Mashariki, inasaidia kuitazama kwanza Japani, ambako hadithi za picha huitwa manga na mtunzi wake huitwa mangaka. Osamu Tezuka, aliyezaliwa mwaka 1928 na kusomea udaktari mjini Osaka kabla ya kuiacha tiba kwa ajili ya kuchora, alijipatia umaarufu mwaka 1947 kwa hadithi ndefu iliyoigiza mwendo wa kamera ya sinema, na hadi alipofariki mwaka 1989 inakadiriwa alikuwa amechora kurasa 150,000 hivi. Kazi kubwa kiasi hicho haikutokana na bidii peke yake, bali pia na soko, kwani nchini humo yapo majarida yanayotoa sura mpya ya hadithi kila wiki, ambazo baadaye hukusanywa zikawa vitabu. Jarida moja kati ya hayo, Shonen Jump, katikati ya miaka ya 1990 lilifikia kuuza nakala zaidi ya milioni sita kwa wiki. Hapo msomaji ndiye anayemlipa mchoraji, kwa kuwa analinunua jarida ili kusoma hadithi za picha na si kwa sababu nyingine.

Tanzania haikuwa na soko la namna hiyo, ingawa haikukosa wachoraji. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, mhusika aliyebuniwa na Christian Gregory, na baadaye jarida la Sani liliwafanya Lodi Lofa na Ndumilakuwili wajulikane hata kwa watu waliosoma nakala moja iliyopita katika mikono mingi. Gado alianza kupeleka michoro yake magazetini katikati ya miaka ya 1980 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, na michoro hiyo ilitoka katika Daily News na magazeti mengine. Baadaye alijiunga na Chuo cha Ardhi, ambacho leo ni chuo kikuu, akasomea usanifu majengo kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha mwaka 1992 akayaacha masomo hayo na kuhamia Nairobi kufanya kazi katika kampuni ya Nation, wachapishaji wa Daily Nation, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu tu.

Wakati wenyewe ulimfaa. Kenya ilikuwa imerejesha mfumo wa vyama vingi mwishoni mwa mwaka 1991, na magazeti yake yalikuwa yakipima kwa tahadhari, wiki baada ya wiki, ni umbali gani yangeweza kwenda katika kumchora rais aliye madarakani, jambo ambalo awali halikuwa likifanyika. Katuni ya maoni, yaani mchoro mmoja unaowekwa katika ukurasa wa tahariri ili kutoa hukumu juu ya tukio la siku, ikawa ndiyo kazi iliyomlisha Gado kwa zaidi ya miaka ishirini. Ni kazi isiyo na mapumziko, kwa maana mchoraji husoma habari, hutafuta wazo, huchora kwa penseli, hupitisha wino na kuikabidhi kazi kabla gazeti halijakwenda mtamboni, na kesho yake huanza upya bila mhusika wala kisa cha kuendeleza.

Namna alivyopambana na ufupi huo wa katuni ya siku moja inaonekana katika michoro yake ya Uhuru Kenyatta na William Ruto. Walipokuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Gado aliwachora wakiwa wamefungwa mguuni mnyororo wenye tufe zito la chuma, na hakuliondoa tufe hilo hata baada ya mwaka 2013, walipokwisha kuwa rais na naibu wake. Msomaji hakuhitaji maelezo yoyote. Lile tufe lilijitokeza siku baada ya siku, katika katuni zilizohusu bajeti, usalama au safari za nje, likageuka kuwa hadithi inayoendelea ndani ya michoro ambayo kila mmoja ulijitegemea.

Hadithi ndefu yenyewe aliijaribu pia. Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema la Nairobi lilichapisha kitabu chake cha katuni kiitwacho Abunuwasi, kinachosimulia kwa picha visa vya yule mjanja wa hadithi za pwani, ambaye jina lake lilitokana na mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid. Pengine ndiyo kazi yake inayokaribia zaidi ile ya mangaka, kwani ndani yake mchoro haukimbizani na habari za siku na mhusika ana nafasi ya kupanga hila, kuitekeleza na kuponyoka. Inasikitisha kwamba haikufuatwa na nyingine kumi za aina yake, lakini kitabu cha kurasa nyingi kilihitaji miezi ya kazi na wanunuzi wa kutosha, ilhali gazeti lililipa kila mwezi.

Njia nyingine aliipata katika televisheni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alisomea uhuishaji, yaani sanaa ya kuipa michoro mwendo, katika mji wa Vancouver nchini Kanada, na Mei 2009 kipindi chake cha XYZ Show, kilichofuata mfano wa kipindi cha vikaragosi cha Ufaransa, kilianza kurushwa nchini Kenya kikiwa na vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa waliotambulika mara moja. Tuzo nazo zilikuwa zimeanza kumfikia, ikiwamo ile ya Prince Claus ya Uholanzi ya mwaka 2007.

Mvutano mkubwa ulizuka na nchi yake ya kuzaliwa. Januari 2015 gazeti la kila wiki la The EastAfrican, mali ya kampuni ya Nation, lilichapisha katuni yake iliyomwonyesha Rais Jakaya Kikwete akiwa ameegemea kwa starehe huku akihudumiwa na wanawake waliopewa majina ya maovu ya utawala, na mwezi huohuo serikali ya Tanzania ililizuia gazeti hilo. Sababu iliyotolewa rasmi ni kwamba halikuwa limesajiliwa nchini, ingawa lilikuwa likiuzwa tangu mwaka 1994. Kwa msomaji wa kawaida wa Tukuyu, ambaye gazeti lake ni la Kiswahili na humfikia kwa basi kupitia barabara ya Uyole hadi Kasumulu, zuio hilo huenda halikuonekana hata kidogo katika meza ya muuza magazeti. Kwa Gado lilikuwa jambo zito, kwani alikwenda likizo ndefu na mwaka 2016 mkataba wake na kampuni hiyo haukuongezwa. Mwezi Mei mwaka huo alikuwa Geneva, akipokea tuzo ya kimataifa ya katuni za magazeti pamoja na Zunar wa Malaysia, na aliyewakabidhi ni Kofi Annan. Baadaye alihamia gazeti la The Standard la Nairobi.

Leo katuni zake hufika Rungwe kwa simu asubuhi ileile zinapotoka, zikipita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, mara nyingi bila jina la gazeti na bila mtu yeyote kulipa. Mchoro mmoja unaoeleweka kwa kutupiwa jicho unastahimili safari ya aina hiyo vizuri kuliko kitabu cha kurasa arobaini, kwa hiyo simu imeongeza wasomaji wa katuni ya maoni bila kumwongezea mchoraji kipato, na kijana wa Tukuyu anayetaka kuchora hadithi ndefu mfano wa Abunuwasi bado atalazimika kutafuta mtu wa kumlipa kwa miezi atakayokaa mezani akiichora.