Bata Asiyezaa na Kuku wa Shingo Tupu

Mtu afugaye bata na kuku katika ua mmoja hukutana na mambo ya ajabu mara kwa mara. Huanguliwa kifaranga asiyefanana na baba wala mama. Au huletwa kutoka sokoni kuku ambaye majirani humcheka kwa kuwa manyoya yake yamegeukia mbele kana kwamba amepigwa na upepo wa nyuma. Wengine husema ni ugonjwa, wengine husema ni uchawi, na wengine humchinja upesi kabla hajawaambukiza wenzake. Kumbe mambo hayo yana sababu zake, na mfugaji asiyezijua hupoteza mayai, chakula na fedha.

Na tuanze na bata, kwa maana huko ndiko hasara ilikojificha. Bata walio wengi katika vijiji vya Afrika ya Mashariki ni wale wenye mashavu mekundu yenye vinundu, ambao hawapigi kelele, bali dume huhema tu kwa sauti kama ya mtu avutaye pumzi kwa shida. Asili yao ni Marekani ya Kati na ya Kusini. Waingereza huwaita bata wa Muscovy, yaani wa nchi ya Moscow, ijapokuwa hawakutoka huko hata kidogo. Bata wengine wote wafugwao, kama yule mweupe wa Peking, au Khaki Campbell wa Uingereza, au yule atembeaye wima kama chupa aitwaye Indian Runner, ni uzao wa bata mwitu wa Ulaya na Asia ambaye dume lake lina kichwa cha kijani king'aacho. Kwa hiyo jamaa hizi mbili si ndugu wa karibu, ingawa sisi twaziita zote kwa jina moja.

Wakiwekwa pamoja, dume la mashavu mekundu humpanda jike la Peking bila kuuliza nasaba. Mayai ya bata wa kawaida huatamiwa siku 28, na ya bata wa mashavu mekundu siku 35. Mayai ya mchanganyiko huu huanguliwa katikati, siku ya 32 hivi. Chotara atokaye humo ni mzuri sana wa kutazama. Hukua upesi, hupata kifua kinene, na nyama yake haina mafuta mengi kama ya bata wa Peking. Mwenye bata hufurahi, akawachagua walio wakubwa kuliko wote, akawaweka wawe wazazi wa kundi lake jipya, na wale wazee akawauza.

Hapo ndipo anapoangamia. Chotara huyu ni tasa, kama nyumbu azaliwaye na punda na farasi. Dume na jike watakaa pamoja mwaka mzima, wala hatatoka kifaranga hata mmoja. Mtu atalaumu chakula, atalaumu maji, pengine atamlaumu jirani mwenye jicho baya, na kumbe kosa lilifanyika siku alipowauza wale wazee.

Wenzetu wa Taiwan wamewafuga chotara hawa kwa zaidi ya miaka 200, na Wafaransa huwafuga kwa wingi ili kuwanenepesha maini, chakula ambacho matajiri wa huko hukipenda mno. Lakini wote wawili huyaweka makundi ya wazazi mbalimbali, na kila mwaka huanza upya kwa dume la jamaa hii na jike la jamaa ile. Tena wameangalia ni nani awe baba. Mama akiwa wa mashavu mekundu na baba akiwa wa Peking, watoto huwa tasa vilevile, na majike hutoka wadogo sana kuliko madume. Baba akiwa wa mashavu mekundu, wote hukaribiana kwa uzito. Tena jike la Peking hutaga mayai mengi zaidi. Anayenunua bata wa kuzalisha na amtazame usoni: chotara aghalabu hana vile vinundu vyekundu, au anavyo kidogo tu, ingawa umbo lake ni kubwa kama la baba.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba kila mchanganyiko ni tasa. Bata bukini wa Ulaya ametokana na ndege mwitu wa kijivu wa huko, na yule mwenye kinundu juu ya mdomo ametokana na ndege mwingine mbali, wa Uchina na nchi za jirani. Lakini wakichanganywa watoto wao huzaa bila taabu. Majina ya ndege hawa yanachekesha. Sisi twamwita bata bukini, na Bukini ni jina la zamani la Madagaska, ambako asili yake siko. Nao Wazungu humwita mmoja wa wale wenye kinundu bata bukini wa Afrika, naye ni wa Uchina!

Sasa tuje kwa kuku. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, amesingiziwa mengi. Nchi za ng'ambo wako watu walioamini kwamba ni mtoto wa kuku na bata mzinga, hata wakamtungia jina la kuunganisha majina ya hao wawili. Si kweli. Kuku na bata mzinga hawapatani namna hiyo. Mtaalamu mmoja wa Beltsville, Marekani, aitwaye Olsen, aliandika mwaka 1960 juu ya majaribio yake ya kuwachanganya kwa kutia mbegu kwa mkono. Vifaranga karibu wote walikufa ndani ya yai, na wachache sana ndio walioanguliwa. Kishingo ni kuku halisi. Shingo yake tupu ni urithi, na mwaka 2011 wataalamu wa Edinburgh walieleza ni badiliko gani la urithi liletalo jambo hilo. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo; aliyerithi kwa wazazi wote wawili huwa na shingo tupu kabisa, na manyoya ya mwili wake mzima hupungua sana. Mahali pa joto kama Lamu au Garissa jambo hilo ni faida, kwani kuku hupoa upesi na kuendelea kula wakati wenzake wanapotweta kivulini. Mahali pa baridi kama Kinangop, mwenye kumfuga na ajue kwamba chakula kingi kitaishia katika kuupasha mwili moto.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyopindana, naye si mgonjwa. Lakini hapa pana hesabu ambayo kila mfugaji apaswa kuijua. Ukimpandisha kidimu kwa kidimu, robo ya vifaranga hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika ovyo, hata huenda karibu uchi, na baridi na jua huwatesa. Mpandishe kidimu kwa kuku wa kawaida, upate nusu kidimu na nusu wa kawaida, wote wazima.

Mbaya zaidi ni kuku kibete wa miguu mifupi mno, na bata mwenye kishungi cha duara kichwani, ambao watu huwapenda kwa urembo. Kifaranga aliyerithi ufupi huo kwa baba na kwa mama pia hafiki kuanguliwa, na vivyo hivyo aliyerithi kishungi kwa wote wawili. Katika mayai 12 yaliyorutubishwa, 3 huharibika hivi, na mama hulaumiwa kwamba hajui kuatamia. Tena kishungi cha bata huota juu ya fuvu lenye kasoro, na baadhi yao hushindwa hata kusimama sawasawa. Mimi sioni uzuri wake.

Kuchi wa pwani, jogoo mrefu wa miguu mirefu na shingo ndefu, anastahili heshima zaidi. Wataalamu waliochunguza damu ya kuku wa Tanzania wamemkuta ana ukoo wa upande wa mama ulio karibu na ule wa kuku wa kupigana wa Japani waitwao Shamo. Anayemchanganya na kila jogoo apitaye uani anapoteza kitu kilichotoka mbali.

Wala kuku wa kawaida asijivune kwamba damu yake ni safi. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba kuku wote wametoka kwa kuku mwitu mwekundu wa Asia peke yake, na hata Darwin alisema hivyo. Mwaka 2008 wataalamu wa Uppsala, Swideni, walionyesha kwamba rangi ya manjano ya ngozi na miguu ilitoka kwa kuku mwitu mwingine, yule wa kijivu wa Bara Hindi. Basi kila kuku wa miguu ya manjano apekuaye jalalani ana babu wawili wa misitu mbalimbali.