Gari la familia mjini Muscat: jipya au lililotumika?

Mji wa Muscat, mji mkuu wa Oman, umejinyoosha baina ya milima ya mawe na Bahari ya Oman, kuanzia Mattrah na Ruwi upande wa mashariki hadi Seeb upande wa magharibi, masafa ya makumi ya kilomita. Mtandao wa kisasa wa mabasi ya umma ya Mwasalat ulianza kazi mjini humo mwezi Novemba mwaka 2015, na ingali mitaa mingi ya makazi iko mbali na kituo cha basi. Katika miezi ya kiangazi joto hupindukia nyuzi 40 za Selsiasi, na kutembea kwa miguu mchana huwa ni adhabu. Kwa sababu hiyo, gari mjini Muscat si anasa bali ni chombo cha lazima, na kwa familia nyingi ndilo deni kubwa zaidi baada ya nyumba.

Miongoni mwa familia hizo ni zile zinazozungumza Kiswahili majumbani mwao. Wengi wao ni Waomani waliorejea kutoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika hatamu za utawala mwaka 1970. Wengine walitokea Tanzania bara, Kenya, Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo. Kwao gari ni la kupeleka watoto shule na wazee hospitali, na pia la kuunga udugu, kwani harusi na misiba huwapeleka Nizwa, Ibra, Rustaq au Sur, safari ndefu kwa barabara kuu.

Kwa muda mrefu gari lililopendwa kwa kazi hiyo limekuwa saluni ya ukubwa wa wastani, kama vile Toyota Camry, Honda Accord, Nissan Altima au Hyundai Sonata. Ni gari la watu watano, lenye buti pana, na halitumii mafuta mengi. Jina la Camry lenyewe limetokana na neno la Kijapani lenye maana ya taji. Swali linalowasumbua wanunuzi ni moja: je, lichukuliwe jipya kutoka kwa wakala, au lililokwisha kutumika?

Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama mambo mawili, yaani bei na mwaka wa kutengenezwa. Lakini katika nchi kama Oman, mwaka na bei havielezi yote. Jambo lenye uzito zaidi ni historia ya gari: limepita wapi, limekaa chini ya jua kiasi gani, na je, liliwahi kuzama majini?

Gharama ya upya

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na msemo huu unalifaa gari jipya. Anayelinunua hupata dhamana ya wakala, hupata gari lisilo na siri, na hulala usingizi. Hata hivyo, utulivu huo una bei yake. Magari yanayoingia katika nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 5, na tangu tarehe 16 Aprili mwaka 2021 Oman inatoza pia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Aidha, thamani ya gari hushuka kwa kasi zaidi katika miaka yake ya mwanzo. Anayeuza baada ya miaka miwili au mitatu ndiye anayebeba hasara hiyo kwa niaba ya mnunuzi wa pili.

Ama kuhusu malipo, wengi hununua kwa mkopo. Tangu benki za Kiislamu zianze kazi nchini Oman mwaka 2013, wakitanguliwa na Bank Nizwa, wanaojiepusha na riba wamepata njia ya murabaha. Katika mfumo huo benki hulinunua gari kwanza, kisha humuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo na kulipwa kwa awamu. Lakini murabaha haulifanyi gari ghali kuwa rahisi. Familia itakayolazimika kuliuza kabla ya kumaliza awamu inaweza kujikuta inadaiwa zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Kwa ufupi, gari jipya humfaa yule atakayelitunza kwa miaka minane au kumi, na ambaye awamu zake hazitakula ada za shule.

Mafuta nayo yamebadilisha hesabu. Hadi mwisho wa mwaka 2015 lita moja ya petroli bora nchini Oman iliuzwa kwa baiza 120. Mwezi Januari mwaka 2016 serikali iliondoa ruzuku na bei zikaanza kufuata soko la dunia. Mwishoni mwa mwaka 2021 iliwekwa bei ya kikomo, ambayo kwa petroli ya daraja la 95 ilikuwa baiza 239. Kwa bei hiyo, familia inayosafiri kilomita 20,000 kwa mwaka kwa saluni inayotumia lita 8 kwa kila kilomita 100 hulipa kiasi cha riali 382. Gari kubwa la milimani linalotumia lita 14 litahitaji riali 669 kwa safari hizo hizo, na saluni yenye injini na mota ya umeme, inayotumia lita 5, riali 239 tu. Tofauti hiyo ikizidishwa kwa miaka minane huwa ni fedha ya kutosha kusomesha mtoto.

Jua na maji

Nukta ya kwanza katika historia ya gari lililotumika ni joto. Tarehe 26 Juni mwaka 2018, katika mji wa Quriyat ulio kusini-mashariki ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24, usiku na mchana. Katika hali kama hiyo mipira hukauka, betri hufa mapema, na tairi hupasuka hata kama kashata zake zingali nzima. Ubavuni mwa kila tairi kuna nambari nne: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye alama 1419, kwa mfano, ilitengenezwa katika wiki ya 14 ya mwaka 2019. Mnunuzi anayesoma nambari hiyo hujua iwapo atalazimika kununua tairi nne mwezi huo huo.

Joto pia linahusika na jambo zito zaidi. Mamilioni ya magari duniani yaliitwa tena viwandani kwa sababu ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Uchunguzi ulibaini kwamba kemikali ya kuujaza mfuko huharibika kwa kukaa miaka mingi katika joto na unyevu, na ajali ikitokea chuma chake huweza kupasuka na kumrushia dereva vipande vyenye ncha kali. Miongoni mwa magari yaliyohusika ni matoleo ya zamani ya Honda Accord na Mazda 6. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani ya Muscat. Wakala huweza kuangalia kwa nambari ya chesisi kama mfuko umekwisha kubadilishwa, na hakuna sababu ya kulipa kabla ya kupata jibu hilo.

Nukta ya pili ni maji. Mwezi Juni mwaka 2007 kimbunga Gonu kiliigharikisha Muscat, hususan eneo la Qurum, na kuua watu wapatao 50 nchini Oman. Kimbunga Phet kilifuata mwezi Juni mwaka 2010. Tarehe 3 Oktoba mwaka 2021 kimbunga Shaheen kiliipiga Batinah, na katikati ya mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko yaliikumba Oman na kisha Dubai. Kila baada ya gharika kama hizo, baadhi ya magari yaliyozama hukaushwa, husafishwa, hunyunyiziwa manukato na kurudishwa sokoni, pengine katika mji mwingine. Yapo pia yanayotoka mbali zaidi. Marekani, magari yaliyozama au kugongwa vibaya hupigwa mnada, na mengi kati yake husafirishwa hadi Sharjah na Dubai, hutengenezwa, kisha huvuka mpaka kwa bei ya kuvutia.

Gari lililozama huweza kutembea vizuri kwa miezi kadhaa. Baadaye kutu hula maungio ya nyaya, na hapo taa, breki zinazoongozwa na kompyuta au mifuko ya hewa huanza kugoma, kila siku kwa namna yake. Mafundi hulitambua kwa kufungua zulia la chini ya viti, kuangalia matope ndani ya shimo la tairi la akiba na chini ya dashibodi, kutazama kutu kwenye reli za viti, na kuvuta mikanda ya usalama hadi mwisho, kwani doa la maji hubakia pale mkono wa msafishaji usipofika.

Karatasi kabla ya rangi

Katika masoko ya magari ya Muscat, kuanzia Wadi Kabir, palipokuwa mashuhuri kwa miaka mingi kwa soko la Ijumaa, hadi maduka ya Al Maabilah, maneno mawili hurudiwa na kila muuzaji: khaliji na wakala. La kwanza lina maana kwamba gari lilitengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba, kwa kuzingatia joto lake. La pili lina maana kwamba liliuzwa na kuhudumiwa na wakala rasmi. Ni maneno mazuri, lakini yanahitaji ushahidi.

Nambari ya chesisi ina tarakimu na herufi 17. Ikianza na J, gari lilitengenezwa Japani. K ni Korea. Na 1, 4 au 5 ni Marekani. Hata hivyo, zipo saluni zinazotengenezwa Marekani na kuletwa Ghuba na mawakala wenyewe, kwa hiyo herufi ya mwanzo peke yake haitoshi kulihukumu gari. Mita inayohesabu maili ni dalili ya gari lililokusudiwa Marekani. Ushahidi wenye nguvu ni kumbukumbu za huduma zilizoko kwa wakala, ambazo huonyesha pia kilomita za kila ziara na kumuumbua aliyerudisha mita nyuma.

Karatasi ya pili ni mulkiya, yaani hati ya usajili inayotolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman. Gari lililowekwa rehani benki halihamishiki hadi benki iridhie, na faini za barabarani sharti zilipwe kwanza. Gari binafsi lililozidi umri wa miaka 10 hupaswa kukaguliwa kabla ya usajili kufanywa upya, na kampuni nyingi za bima husita kulipa bima kubwa. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima, haimlipi mwenye gari pale gari lake linapozama. Mnunuzi aliyedanganywa na duka ana haki ya kushtaki kwa Mamlaka ya Kulinda Watumiaji, chini ya sheria ya mwaka 2014, lakini atahitaji mkataba ulioandikwa, si ahadi ya mdomo.

Usukani wa kushoto

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wasemaji wa Kiswahili. Baadhi hununua kwa nia ya kulitumia gari miaka michache kisha kuwapelekea ndugu. Oman hutumia upande wa kulia wa barabara na usukani uko kushoto, ilhali Zanzibar, Tanzania bara, Kenya na Uganda hutumia upande wa kushoto. Kenya hairuhusu gari la usukani wa kushoto kusajiliwa isipokuwa kwa shughuli maalumu, na gari lililotumika haliingizwi likiwa limezidi umri wa miaka minane. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Wenye jamaa Kongo, ambako upande wa kulia ndio unaotumika, wana nafasi zaidi. Kwa wengine, njia iliyonyooka ni kulitafutia Afrika Mashariki gari lake lenyewe, lenye usukani wa kulia.

Ukijumlisha yote hayo, gari linaloifaa familia ya kipato cha kati mjini Muscat mara nyingi ni saluni ya miaka mitatu au minne, khaliji, yenye mmiliki mmoja na kumbukumbu kamili za wakala. Hasara kubwa ya thamani imekwisha kubebwa na mwingine, na miaka isiyopungua sita ingali imebaki kabla ya ukaguzi wa mwaka wa kumi. Gari jipya ni la mwenye uwezo na subira. Ama gari la bei ya kushangaza lisilo na historia, hilo halina mnunuzi linayemfaa, kwani rahisi huvunja upishi. Riali chache anazolipwa fundi asiye na uhusiano na muuzaji, kabla ya mkataba kutiwa saini, ndiyo bima ya kwanza ya watoto watakaoketi kiti cha nyuma.