Tangazo la kuuza nyumba

Tangazo la kuuza nyumba ni maelezo mafupi yanayomjulisha mnunuzi mahali nyumba ilipo, ukubwa, hali, bei na aina ya umiliki wake.

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo tangazo hutaja kama kuna hati miliki au, kijijini, hakimiliki ya kimila, kwa mujibu wa sheria za ardhi za mwaka 1999. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi.

Mjini Same, penye mvua chache, "maji ya bomba, tangi lita 5,000" humsaidia mnunuzi kuliko "nyumba nzuri sana". Katika Milima ya Upare ni muhimu kueleza kama gari hufika wakati wa masika.